Shule Zafunguliwa: Na Mwalimu Je?



Kila Januari inapokaribia, milima yote ya Buha, tangu Heru Juu hadi Mabamba, huwa na habari moja tu: shule zafunguliwa. Baba anauza debe la maharage apate bei ya sare. Mama anahesabu madaftari, akipunguza sabuni ili aongeze kalamu. Fundi cherehani hapati usingizi. Mtendaji wa kijiji anauliza madawati yamefika mangapi, na balozi wa shina anapiga hodi nyumba hata nyumba kutafuta mtoto ambaye hajaandikishwa. Hayo yote ni mema, na wanaoyafanya twawapa heshima yao.

Lakini liko swali moja ambalo halisikiki katika mikutano yetu. Sare imeshonwa, dawati limepigwa misumari, jina la mtoto limeandikwa. Je, mwalimu ameandaliwa na nani? Mtu huyu atakayesimama mbele ya watoto siku ya Jumatatu, ni lini mara ya mwisho alipata nafasi ya kujifunza jambo jipya katika kazi yake? Nani amemwuliza ni somo gani lilimshinda mwaka uliopita? Nani amekaa naye akamsaidia?

Twasema bila kuficha: maandalizi ya shule yanayomsahau mwalimu ni sawa na mkulima aliyelima shamba zuri, akalizungushia ua, kisha mbegu akaisahau nyumbani. Mvua itanyesha, ua utasimama, na wakati wa mavuno atavuna majani.

Sisi tunaoandika haya tumepita chuo cha ualimu, na sasa kazi yetu ni kupita matawini kuzungumza na wananchi. Twajua sauti ya ubao na twajua sauti ya mkutano. Kwa hiyo tunawaomba ndugu zetu watusikilize kwa subira, maana jambo hili lina historia yake, na asiyejua historia yake atarudia kosa lile lile huku akidhani anaanza upya.

MILANGO MITATU

Mara tatu tangu tupate uhuru wetu, taifa hili limefungua mlango wa shule wazi kabisa, watoto wakaingia kama maji.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa Musoma. Mwezi wa Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU iliazimia kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule apate elimu ya msingi ifikapo Novemba 1977. Mpango wa zamani ulikuwa tungoje hadi 1989. Chama kilikataa kungoja. Mwaka ule wa 1974 watoto wa shule za msingi walikuwa kama milioni 1.2, ilipofika 1980 walikuwa wamepita milioni 3.

Walimu wa kuwafundisha watoto hao walitoka wapi? Walitoka vijijini humu humu. Vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa, wakawa wanafundisha sehemu ya siku, na saa zilizobaki wanasoma wao wenyewe katika vituo vilivyokuwa karibu nao, kwa masomo ya posta na ya redio na kwa msaada wa mkufunzi. Mwishoni walipelekwa chuoni kwa majuma machache kumalizia. Zaidi ya vijana 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Wako waliowacheka na kuwaita "walimu wa UPE" kana kwamba ni tusi. Sisi hatucheki. Nusu ya wazee wanaosoma gazeti hili walishikwa mkono na vijana wale mpaka wakajua kuandika majina yao.

Angalieni, ndugu, jambo jema lililokuwa ndani ya mpango ule. Mwalimu alikuwa akijifunza huku akifundisha. Alilolisoma jioni alilijaribu asubuhi, na lililomshinda asubuhi alilipeleka jioni kwa mkufunzi. Elimu yake haikuwa mbali na darasa lake. Ubaya ulikuja baadaye. Cheti kilipopatikana, masomo yakakoma. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula hazina, mafuta yalipanda bei, vitabu vikakosekana, na mwalimu yule akaachwa peke yake na chaki yake. Miaka ya 1980 na 1990 shule zilidhoofika, na wazazi wengi wakaacha kuzitumaini.

Mlango wa pili ulifunguliwa ada ya shule za msingi ilipoondolewa na mpango wa MMEM ulipoanza mwaka 2002. Mwaka 2000 watoto walikuwa kama milioni 4.4, mwaka 2005 walikuwa wamefika milioni 7.5. Zikafuata sekondari za kata, na walimu wakakosekana tena. Vijana waliotoka kidato cha sita wakapewa mafunzo ya majuma machache na leseni mkononi, wakatumwa. Watu wakawabandika jina la "Voda fasta", kwa kuwa walipatikana upesi kama salio la simu. Lawama ikamwangukia kijana. Ilikuwa haki iwaangukie waliomtuma vitani bila silaha.

Mlango wa tatu ni ule wa elimu bila ada, ulioanza Januari 2016. Mwaka ule darasa la kwanza peke yake lilizidi watoto milioni 2 nchini. Kiwango cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mwenye macho haambiwi tazama: apite katika shule za vijiji vyetu, asimame mlangoni pa darasa la kwanza, ahesabu mwenyewe.

Hatusemi milango ile ilifunguliwa vibaya. Ilifunguliwa vema, na atakayetaka kuifunga atatukuta tumesimama mbele yake. Tunasema kwamba mara zote tatu tulihesabu watoto, tukahesabu vyumba, tukahesabu madawati, na mwalimu tukamhesabu kichwa tu. Hatukuuliza kilichomo ndani ya kichwa kile, wala namna ya kukiongeza.

Na sasa mlango wa nne unakuja. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka ule watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao kaka na dada zao watamaliza darasa la saba. Hesabu ni rahisi: Januari 2028 makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja. Je, tutahesabu matofali tena na kusahau mtu?

KWA NINI BUHA

Jambo hili lahusu nchi nzima, lakini sisi wa nyanda za juu za Kigoma lina uchungu wake kwetu. Mkoloni aliihesabu nchi hii kuwa ghala la mikono. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na badala ya kutuletea shule ilichukua vijana. Walikwenda manamba katika mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro, na tangu 1944 SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, iliwakusanya kwa mpango na kuwasafirisha. Mtu anayetaka mikono ya kukata mkonge hana haja ya kuifundisha kalamu. Ndiyo sababu shule zilikuwa chache hapa wakati mikoa mingine ilikwisha kuwa na wasomi wake.

Kwa hiyo mtoto wa Muyama au wa Busunzu anapofundishwa na mwalimu aliyechoka, asiye na wa kumwuliza, haanzi pale alipoanzia mtoto wa mahali pengine. Anaanza nyuma ya babu yake aliyebebwa kwenye behewa. Hatuwezi kumrudishia babu miaka yake, lakini mjukuu twaweza kumpa mwalimu aliyeiva.

MLANGO ULIOFUNGULIWA NA BUNDUKI

Karibu na Makere, wilayani Kasulu, iko Nyarugusu. Mwaka 1996, vita vilipowaka Kivu ya Kusini, ndugu zetu wa Kongo walivuka ziwa na kambi ikaanzishwa pale. Mwaka 2015 machafuko ya Burundi yaliwaleta maelfu kwa maelfu ya Warundi, Nyarugusu ikajaa, na Nduta kule Kibondo ikafunguliwa tena. Tangu 2017 Warundi wengi wamekwisha kurejea kwao kwa makundi, lakini tangu kambi ianzishwe watoto wamezaliwa pale, wamesomea pale, na wengine wao sasa ni wazazi.

Shule za kambi zimefuata mitaala ya nchi zao. Kwao Kongo na Burundi mwaka wa shule huanza Septemba. Kwetu huanza Januari. Basi katika eneo moja, chini ya mvua moja, tumekuwa na nyakati mbili za kufungua shule na bendera tatu za mitaala. Anayesimama mbele ya darasa la kambi mara nyingi ni mkimbizi mwenyewe. Wako waliokuwa walimu kwao kabla ya kukimbia. Wako pia waliomaliza sekondari humo humo kambini, wakapewa chaki kwa kuwa hapakuwa na mwingine, na malipo yao ni posho ndogo. Msomaji atakumbuka vijana wa UPE. Ni hadithi ile ile, imebadilisha bendera tu.

Mafunzo ya walimu hawa yametegemea semina za mashirika. Nyingine zilikuwa semina nzuri sana. Lakini mwaka 2025 wafadhili, Marekani ikiwa mbele, walipokata fedha zao, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lililazimika kupunguza kazi zake kila mahali. Kamba ya mbuzi ikishikwa na jirani, mbuzi atakula siku ambazo jirani ana nafasi. Tujifunze hapo. Mafunzo ya mwalimu yanayoning'inia kwenye mfuko wa mtu mwingine huanguka siku mfuko ule unapofungwa. Yafaa mizizi yake iwe shuleni, kwa walimu wenyewe, ili msaada ukija ukute mti na ukiondoka uache mti.

Tena, watu hawa wawili, mwalimu wa Makere na mwalimu wa Nyarugusu, wana shida zinazofanana kama mapacha. Wote wawili wana darasa lililofurika. Wote wawili wanapokea mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwake siyo lugha ya kitabu: mtoto wa Kiha anayekutana na Kiswahili, mtoto wa Kirundi au wa Kibembe anayekutana na Kifaransa. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na Kiswahili chajulikana pande zote mbili za uzio. Hesabu haina uraia. Nusu na robo ni zile zile Kasulu, Uvira na Bujumbura. Sheria za kambi tunazijua na hatusemi zivunjwe. Twasema kwamba kwa kibali cha wakuu wanaohusika, walimu hawa wangeweza kukaa pamoja japo mara moja kwa muhula, na kila upande ungerudi na kitu.

BEGI LAONEKANA, ELIMU HAIONEKANI

Wako watakaosema, "Mbona walimu huitwa semina kila mara?" Ndiyo, huitwa. Na tuseme ukweli juu ya semina hizo. Katika walimu kumi huitwa mmoja. Huyo husafiri hadi mjini, hukaa siku tatu ukumbini, husikiliza mtu ambaye hajaliona darasa lake, hupewa posho na begi lenye maandishi. Arudipo shuleni begi laonekana, elimu haionekani. Wenzake tisa hawajui alijifunza nini, na yeye mwenyewe baada ya mwezi amebaki na begi.

Wizara ya Elimu pamoja na Taasisi ya Elimu Tanzania waliliona hilo, na miaka ya karibuni wameleta mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Shina lake ni Jumuiya za Kujifunza: walimu wa shule moja hukaa pamoja katika shule yao, kwa ratiba, wakaweka mezani tatizo la darasani, wakalitafutia dawa, wakaenda kuijaribu, kisha wakakutana tena kusema ilifaa au haikufaa. Kigoma haikuanza na mikono mitupu. Tangu 2014 mkoa wetu ulikuwa katika mpango wa EQUIP-Tanzania, na baadaye ukaingia katika Shule Bora, na yote miwili ilipanda mbegu ya mafunzo yanayofanyika shuleni.

Tuwaeleze wasio walimu kikao cha namna hiyo chafanana na nini. Mwalimu wa darasa la pili analeta madaftari. Watoto wameandika "kura" walipotaka kuandika "kula", na wameandika "mahari" walipotaka "mahali". Jukwaani mtu angecheka kusikia kwamba wananchi wanataka kura wali. Darasani si kichekesho, maana mtoto anapata alama ya makosa kila siku bila kujua kosa lake, na mwishowe anaamini kwamba yeye ni mjinga. Mwalimu aliyetoka Kilimanjaro au Lindi hajui sababu. Mwenzake aliyezaliwa Munzeze anajua mara moja: sikio la mtoto limelelewa na Kiha, na Kiha hakitenganishi sauti hizo mbili kama Kiswahili kinavyozitenganisha. Basi wanatunga pamoja mchezo wa maneno, jozi kwa jozi, mtoto asikie kwanza, aseme, ndipo aandike. Juma linalofuata wanaleta madaftari tena na kuangalia.

Hapo hakuna posho, hakuna basi la kwenda mjini, hakuna mtaalamu kutoka mbali. Pana saa moja na watu wanaoheshimiana. Mwalimu wa kigeni kapata sikio la mwenyeji, na mwenyeji kapata heshima kwa ujuzi aliodhani si ujuzi. Dawa ya tatizo la Munzeze imepatikana Munzeze.

MALALAMIKO YA MWALIMU

Lakini tusijifanye hatusikii. Walimu wengi hununa wakitajiwa MEWAKA. Husema, "Mafunzo bila posho ni mzigo mwingine." Wanachama wenzetu wengine huwajibu kwa ukali kwamba walimu wa siku hizi wamependa fedha. Sisi hatukubaliani na jibu hilo.

Mwalimu aliyefundisha vipindi saba tangu asubuhi bila chakula, ambaye madai yake ya uhamisho au ya likizo hayajalipwa, ambaye amepanga chumba kinachovuja, akiambiwa abaki saa moja zaidi ajifunze, ananuna kwa haki. Njaa haina masikio. Posho aliyoizoea semina ilikuwa ndiyo njia pekee ambayo kazi yake ilionyeshwa kuwa ina thamani. Ukiiondoa posho na usiweke heshima yoyote mahali pake, umemwondolea vyote viwili.

Kwa upande mwingine, mwalimu naye hana budi kukumbuka kwamba elimu yake ni mali yake. Fundi seremala hangoji alipwe ndipo anoe randa. Hununa randa ikiwa butu, maana jasho litakuwa lake. Mwalimu anayefundisha kwa maandishi aliyoyanakili chuoni miaka kumi iliyopita, na mtaala umekwisha kubadilika, anajichosha mwenyewe na kuwachosha watoto. Madai yake tutayasimamia. Kunoa randa ni kwake.

TUFANYE NINI

Watu watasema hili ni jukumu la Serikali. Ni kweli, na Serikali tutaidai: mishahara, nyumba, walimu zaidi, na mafuta ya pikipiki za Maafisa Elimu Kata ili wafike shuleni kusaidia, siyo kukagua tu. Lakini chama cha ukombozi hakikuzaliwa kwa kungoja. Miaka ya 1950 wazazi waliokusanyika katika TAPA walijenga shule zao wenyewe katika nchi isiyokuwa yao bado, na kiongozi wa TANU alikuwa mwalimu wa Pugu, aliyeacha kazi yake mwaka 1955 kwa ajili ya nchi. Jina la Mwalimu hakulipata jukwaani. Alilitoa darasani, akaja nalo. Basi chama kilichoongozwa na mwalimu kitakuwa na sura gani kikimwacha mwalimu?

Twatoa mapendekezo sita, na kila moja liko ndani ya uwezo wa kijiji, kata au halmashauri.

Kwanza, kabla watoto hawajaingia darasani, walimu wa kila shule wapewe siku tatu zao. Wasizitumie kupokea michango wala kuhesabu madawati. Wakae na matokeo ya mwaka uliopita, waseme wazi ni mada gani zilianguka na kwa nini, na wagawane kazi ya kuzisoma upya. Kuhesabu madawati kamati ya shule inaweza.

Pili, saa ya Jumuiya ya Kujifunza iandikwe kwenye ratiba ya kila juma na iheshimiwe kama saa ya mtihani. Kiongozi yeyote, wa kijiji au wa chama, asiwaite walimu saa ile kwa mkutano, mapokezi ya mgeni au jambo lingine lolote. Mgeni mwenye akili atafurahi akiambiwa, "Walimu wako darasani mwao, wanajifunza."

Tatu, siku ya kikao hicho wananchi wapike. Mashina yapokezane: leo shina hili laleta unga, juma lijalo lile laleta maharage. Nchi yetu hii ni nchi ya mahindi, maharage, muhogo na ndizi. Hakuna kijiji kitakachofilisika kwa sufuria moja ya ugali. Mwalimu atakayekula chakula cha wananchi atajua kwamba wananchi wameuona wajibu wake.

Nne, mwalimu mpya apokewe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi kijana aliyetumwa kutoka mbali twampa jembe siku ya kwanza, na shamba hatumwonyeshi. Apewe mwalimu mzoefu wa kumshika mkono muhula mzima, akae darasani kwake, na yule mzoefu naye akae darasani kwa mgeni. Apewe na mtu wa kumfundisha salamu za Kiha. Ukimjua mama wa mtoto kwa salamu yake, umekwisha kumjua mtoto nusu.

Tano, vituo vya walimu vifunguliwe. Si haki kituo kuwa na kufuli Jumamosi, siku ambayo mwalimu ana nafasi. Vilevile tunavyo vyuo vya ualimu hapa hapa, Kasulu na Kabanga. Wakufunzi wake wapangiwe kata za kuzitembelea, na vijana wanaosomea ualimu wahudhurie vikao vya shule za jirani, wajifunze mapema kwamba kumaliza chuo si kumaliza kujifunza.

Sita, tuulize habari ya fedha. Tangu elimu bila ada ianze, ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi imehesabiwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka, na katika hizo 4,000 zikabakizwa kwa ajili ya vitabu. Shule yenye watoto 800 kwa hesabu hiyo hupata shilingi 4,800,000 kwa mwaka, yaani 400,000 kwa mwezi, kwa chaki, karatasi, mitihani, ukarabati na mengineyo yote. Fedha hizo ni chache, hatubishi. Ndiyo maana madiwani wetu waulizwe barazani, kwa jina, halmashauri imetenga kiasi gani cha mapato yake yenyewe kwa mafunzo ya walimu kazini. Diwani ambaye hana jibu aende akalitafute.

SWALI LA KUANZA MKUTANO

Ndugu zetu wanachama, tunajua kwamba mambo haya hayana shangwe. Jengo jipya lina utepe wa kukatwa na picha ya kupigwa. Mwalimu aliyejifunza namna bora ya kufundisha robo na nusu hana utepe. Hakuna atakayeona kitu siku ile. Ataonekana baada ya miaka, pale mtoto wa Makere atakapoingia kidato cha kwanza akisoma bila kukwama, na mtoto wa Nyarugusu atakaporudi kwao akiwa na kichwa ambacho vita havikukipora.

Tunawaomba basi jambo moja la kuanzia. Katika mkutano ujao wa kijiji, baada ya kuuliza madawati mangapi na watoto wangapi, mmoja wenu asimame, amgeukie mwalimu mkuu kwa heshima, aulize: "Mwalimu, mwaka huu ninyi mtajifunza nini, siku gani, na sisi tuwasaidie kwa lipi?" Likiulizwa mara moja katika kijiji kimoja, wakubwa watalisikia. Likiulizwa katika vijiji vyote vya Kasulu na Kibondo, litakuwa kwenye ajenda kabla ya Januari nyingine. Na Januari 2028, makundi mawili yatakapogonga mlango kwa pamoja, yamkute ndani mwalimu aliye tayari.

Elimu na Kazi!